Uzembe wa Kitabibu na Ushahidi Wake Mahakamani

Sheria ya madhara ni tawi la sheria linalomwezesha mtu aliyeumizwa na mwenziwe kudai fidia, hata kama hapakuwa na mkataba baina yao. Tanzania Bara haina kitabu kimoja cha sheria hiyo. Iliingia kwa Amri ya Baraza ya mwaka 1920, iliyozitaka mahakama za Tanganyika zifuate sheria ya mapokeo ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na ya watu wake inavyoruhusu. Sheria ya ushahidi ilipita njia ya majahazi: ilitungwa India mwaka 1872, ikavuka bahari, ikatumika Tanganyika hadi Bunge lilipotunga Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ambayo kwa sehemu kubwa bado yafanana na mama yake.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Mama mjamzito atoka kisiwa cha Songosongo kwa mashua, apokelewa katika kituo kimoja cha pwani saa mbili usiku akiwa na uchungu. Mtoto azaliwa alfajiri, amechoka, halii. Mwaka wapita na mtoto hajaweza kukaa. Familia yasema mama aliachwa peke yake usiku kucha; wakunga wasema alipimwa mara kwa mara. Nani ataaminiwa?

Kanuni ya kwanza ni kwamba anayedai ndiye athibitishe. Familia haina budi kuonyesha mambo matatu: kwamba kituo kilikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mama yule, kwamba wajibu huo ulivunjwa, na kwamba dhara limetokana na kuvunjwa huko. La kwanza halina ubishi mgonjwa akishapokelewa. La pili hupimwa kwa kigezo kilichowekwa Uingereza mwaka 1957 katika kesi ya Bolam: mtaalamu hahukumiwi kwa matokeo mabaya, bali kwa kulinganishwa na mwenendo unaokubaliwa na wenzake wenye ujuzi wa fani ileile. Maamuzi ya Uingereza ya baada ya 1920 hayazifungi mahakama zetu, lakini huheshimiwa. Hapa ndipo mtaalamu, kwa mfano daktari bingwa wa uzazi, huitwa kutoa maoni yake.

La tatu ndilo linaloangusha madai mengi. Katika kesi ya Barnett, iliyoamuliwa Uingereza, walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakatapika, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu hakutoka kuwaona. Aliagiza waende nyumbani. Mmoja wao akafa kwa sumu ya arseniki. Mahakama ilikiri kwamba hospitali ilikosea, lakini mjane akashindwa, kwa kuwa hata mumewe angelazwa, tiba isingemfikia kwa wakati. Hukumu hiyo ni chungu kwa mfiwa, lakini mantiki yake ni vigumu kuipinga: kosa ni jambo moja, na kosa kuleta dhara ni jambo jingine.

Kipimo cha uthibitisho katika madai si kile cha jinai. Hapahitajiki kuondoa kila shaka. Yatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Na mara chache jambo hujieleza lenyewe. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Katika tukio la namna hiyo mtu hahitaji bingwa wa kumweleza kwamba pamekuwa na kasoro.

Usiku wa mama wa Songosongo haujielezi hivyo. Mama mwenyewe aweza kusema aliyoyaona na kuyahisi. Shangazi aliyesimuliwa asubuhi hawezi kuthibitisha yaliyotokea usiku, kwa maana ushahidi wa mdomo sharti utoke kwa aliyeshuhudia. Kinachobaki ni karatasi: patografu, faili, kitabu cha zamu. Patografu yenye alama za saa mbili na za alfajiri, na katikati weupe mtupu, humweka mkunga pabaya hata kama kweli alipima. Iliyojazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko wa haraka humweka pabaya zaidi. Kosa la kuandika hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya awali yasomeke, kisha huwekwa saini, tarehe na saa.

Kituo kikiwa cha umma, anayedaiwa ni mwajiri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa. Notisi ya siku 90 hutangulia, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Lalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga ni njia nyingine: huweza kumwadhibu mtaalamu, si kumlipa mgonjwa.

Madai ya madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3. Lakini kwa mtoto, muda huo hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka 18. Kwa hiyo patografu ya usiku ule yaweza kuitishwa mahakamani miaka 20 baadaye, na unyevu wa pwani hauisubiri.