Kaimu wa Siku 90: Daniel arap Moi na Neno "Nyayo"

Katika soko la miraa la Laare, mzee akiulizwa shamba lake lilipandwa lini, huenda akajibu kuwa lilipandwa "wakati wa Nyayo". Hataji jina la mtu. Mwanafunzi wa sarufi hana budi kusita kidogo, maana nyayo ni wingi wa unyayo, nomino ya ngeli ya U-ZI, nayo haina miaka wala utawala. Makala haya yanadhamiria kuchunguza jinsi mwanasiasa mkongwe alivyoingia Ikulu kwa cheo cha kushikilia nafasi tu, na jinsi maneno mawili, kaimu na nyayo, yalivyoandamana naye.

Daniel arap Moi alizaliwa mwaka 1924 huko Sacho, Baringo, akawa mwalimu. Mwaka 1955 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1957 akawa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Mwaka 1960, yeye na Ronald Ngala walikuwa katika uongozi wa KADU, chama cha jamii zilizohofia kumezwa na jamii kubwa. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1964, na Moi akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani. Januari 1967 aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais baada ya Joseph Murumbi kujiuzulu. Wengi walimwona kuwa mtu asiyetisha, na kwa maoni yetu dharau hiyo ndiyo iliyomlinda kwa miaka 11.

Nasi wa Meru tumo katika kisa hiki. Kwa mujibu wa katiba ya wakati huo, Rais akifariki, Makamu angeshika madaraka kwa siku 90, kisha uchaguzi ufanyike. Mwaka 1976 lilizuka kundi la wanasiasa lililotaka kifungu hicho kibadilishwe ili Moi asipate fursa hiyo. Miongoni mwao alikuwemo Jackson Angaine, Waziri wa Ardhi na Makazi, aliyekuwa na nguvu kubwa katika siasa za Meru. Mkutano wao mkuu ulifanyika Nakuru mwezi Septemba. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alitoa onyo kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni kifo. Mjadala ulizimika. Tazama uzito wa kitenzi hapo: hata kuwaza kulikuwa hatia!

Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Moi alikuwa Rift Valley. Alifika Nairobi akaapishwa siku iyo hiyo. Sasa alikuwa kaimu, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya yule asimamaye mahali pa mwingine. Sheria nayo ilimbana katika maana hiyo, kwani baadhi ya madaraka makubwa hakuruhusiwa kuyatumia bila azimio la Baraza la Mawaziri. Hata hivyo, wapinzani wake hawakupata mgombea wala muda. KANU ilimpitisha bila kupingwa, na tarehe 14 Oktoba akaapishwa kuwa Rais kamili. Siku 53 tu zilikuwa zimepita.

Ndipo lilipotamalaki neno la pili. Moi alitangaza kuwa angefuata nyayo za Kenyatta. Kisarufi, nyayo katika kauli hiyo ni mali ya mwingine. Anayezifuata yuko nyuma. Ni unyenyekevu wa kaimu uleule. Lakini kihusishi "za Kenyatta" kilidondoka upesi. Likabaki neno "Nyayo" peke yake, kisha likawa lakabu ya Rais mwenyewe. Upatanisho wa kisarufi ukabadilika nao: badala ya "nyayo zimeonekana", tukasema "Nyayo amewasili", kama ilivyo kwa nomino za ngeli ya A-WA. Aliyekuwa mfuasi akawa ndiye anayefuatwa, na hakuna kamusi iliyoombwa ruhusa.

Aidha, neno hilo lilienea katika vitu. Kuanzia mwaka 1979 wanafunzi wa shule za msingi walikunywa maziwa ya Nyayo, na waliyoyanywa huyakumbuka kwa furaha hadi leo. Nairobi kulijengwa Jumba la Nyayo, ambamo miaka ya 1980 washukiwa wa kisiasa waliteswa katika vyumba vya chini. Moi aliondoka madarakani Desemba 2002, baada ya miaka 24, akafariki Februari 2020. Katiba ya 2010 haina tena kaimu wa siku 90: Rais akifariki, Naibu wake humaliza kipindi kilichosalia. Ila pale Laare mzee angali anahesabu miaka kwa Nyayo, na msikilizaji itambidi aulize kama anakumbuka maziwa au vyumba vile.