SOMO: SAFARI YA SIKU SITA KATIKA MIJI YA ANDALUS

Tukijaaliwa kuzuru Hispania, tuipange miji kwa kufuata jinsi ilivyowatoka Waislamu, ili safari iwe darasa.

Siku ya 1 na 2: Cordoba (ilitekwa 1236). Tutazame msikiti ulioanzishwa na Abdur-Rahman wa Kwanza katika karne ya 8. Sasa ni kanisa, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Basi tuswali kabla ya kuingia.

Siku ya 3 na 4: Sevilla (1248). Giralda ulikuwa mnara wa adhana, ulikamilika 1198. Leo una kengele.

Siku ya 5 na 6: Granada (1492), dola ya mwisho. Tiketi ya Alhambra huandikwa saa ya kuingia majumba ya masultani, na huisha mapema. Kwa hiyo mji wa mwisho ndio wa kwanza kukatiwa tiketi. Siku nyingine tuzihesabu kurudi nyuma. Mtaa wa Albaicín, unaotazamana na Alhambra, una msikiti uliofunguliwa 2003, tuswali hapo.

Zoezi: Kwa nini Granada ilidumu miaka 244 baada ya Sevilla?