Sheria ya Skuli na Sehemu Yetu Ndani Yake

Twataka katika somo hili kutazama jambo ambalo wengi wetu hulinung'unikia barazani wala hatulisomi, nalo ni sheria ya serikali juu ya skuli za umma: nani huzilipia, na nani huziendesha. Sheria hiyo hutungwa Nairobi, kati ya mji, katika Bunge. Na wizara inayoitekeleza imo Jogoo House, mwendo wa miguu tu kutoka msikiti wa Jamia. Twautaja ujirani huu kwa makusudi. Muislamu wa pwani aliyekwenda Nairobi kwa shughuli zake husali Ijumaa karibu na mlango wa wizara, kisha hurudi Mombasa, Malindi au Lamu akisema, "Skuli hizi si zetu."

Tuanze na asili ya mambo. Kabla ya uhuru skuli nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazee wetu waliogopa kuwapeleka watoto huko, na khofu yao ilikuwa na sababu. Asiyeijua zama ile asiwacheke. Baada ya uhuru ikaundwa tume ya elimu chini ya Simeon Ominde, na mwaka 1968 ikapitishwa Sheria ya Elimu. Kwa sheria hiyo skuli za misheni ziliingia katika usimamizi wa umma, na kanisa likabakiwa na cheo cha "mfadhili". Basi aliyekuja na skuli nyingi alipata ufadhili mwingi, na sisi tulikuja na chache. Kwa maoni yetu, hapa hatukudhulumiwa na sheria kama tulivyopunjwa na uchache wa skuli zetu wenyewe.

Katiba ya 2010 ikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ikafuata Sheria ya Elimu ya Msingi, nambari 14 ya mwaka 2013. Hii ndiyo twamtaka msomaji aifahamu vyema, khasa kwa habari ya mfadhili. Sheria ilimpa mfadhili viti vitatu katika halmashauri ya skuli, na haki ya kutoa nasaha za kiroho, lakini kwa sharti la kuihifadhi dini ya wengine. Wazazi nao waliwekewa viti sita. Sita ni maradufu ya vitatu! Tena sheria ilisema wazi kuwa skuli yenye mfadhili ni skuli ya umma. Walimu wake wa serikali hulipwa kwa kodi, na kodi hiyo hutoka kwa mwenye duka wa Mji wa Kale kama itokavyo kwa mwingine yeyote. Mtoto wetu akiingia humo hakuingia kwa hisani ya mtu.

Ama fedha, mpango wa elimu ya bure ya skuli za msingi ulipoanza mwaka 2003, serikali iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Mwaka 2018 fungu la mwanafunzi wa sekondari ya kutwa likafika shilingi 22,244. Sheria ya 2013 ilikataza skuli ya umma kutoza ada ya masomo. Michango mingine ilihitaji idhini ya Waziri, mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu haikulipwa, wala mtu asipokee mchango bila kutoa stakabadhi rasmi. Wangapi katika sisi wamewahi kuidai stakabadhi hiyo?

Lakini haki iliyoandikwa si haki iliyofika. Ukitoka kati ya mji wa Nairobi kwenda magharibi, wapita Kilimani na Lavington penye bustani na kuta ndefu, kisha mara waingia Kawangware. Hapo, na katika mitaa ya Dagoretti, watoto wengi husoma katika skuli za watu binafsi zilizojengwa kwa mabati na mbao, kwa kuwa skuli za umma haziwatoshi. Mwezi wa Septemba 2019, huko Ng'ando, darasa la skuli ya namna hiyo liliporomoka asubuhi, wakafa watoto wasiopungua saba. Wazazi wao walikuwa wakilipa ada katika nchi ambayo elimu ya msingi ni bure kwa katiba.

Kuna kosa jingine tulisikialo kila siku: mtu humlaumu gavana kwa upungufu wa walimu wa skuli ya msingi. Katiba imewapa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Skuli za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Anayebisha mlango usio wake hupoteza siku.

Na mlango una hukumu yake hata mahakamani. Kesi ya hijabu katika skuli moja ya Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodist, ilianza kwa mashtaka ya kanisa hilo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wasichana wetu. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu, Nairobi, ikaitangua hukumu ile kwa sababu ya namna madai ya upande wetu yalivyoletwa ndani ya kesi ya mwingine. Haikuwa imeamua kwamba hijabu haifai skulini. Ilisema jambo hilo halikufikishwa kwake kwa njia iliyo sawa.

Sheria ya 2013 imezitaja pia madrasa na duksi, yaani vyuo vya Kurani vya ndugu zetu Wasomali, na kumpa Waziri uwezo wa kutunga kanuni za kuviunganisha na masomo ya skuli. Atakayeitwa kuzungumza juu ya kanuni hizo ataulizwa: masomo yenu ni yapi, madarasa mangapi, walimu wamesoma wapi, na fedha huingia vipi na kutoka vipi? Majibu yanatakiwa yawe daftarini. Katika vyuo vyetu vingi daftari hilo bado halijaandikwa, na somo letu lijalo, inshallah, litakuwa juu ya namna ya kuliandika.