Herufi Nne za Kiingereza Zinazomsumbua Mwanafunzi

Mwanafunzi aliyezoea kusoma Kiswahili huudhika upesi aanzapo Kiingereza. Katika Kiswahili neno husomwa kama lilivyoandikwa: ajuaye kusoma "bata" hatashindwa na "batamzinga". Lakini katika Kiingereza yako maneno mafupi yenye herufi nne zile zile, yaani o, u, g na h, nayo hayapatani katika kutamkwa. Wala si maneno ya wataalamu. Ni ya soko, ya shamba, ya hospitali na ya barua za kila siku, hata mtu hawezi kuyaepuka.

Tazama kwanza maneno mawili yawezayo kuleta ugomvi: "bought" na "brought". La kwanza husomwa "boot", la pili "broot", kwa o ndefu ya Kiswahili kama ile ya "choo". Mtu akiandika "I bought this goat from my uncle", maana yake ni kwamba amemnunua mbuzi huyu kwa mjomba wake, na mbuzi ni mali yake. Akiandika "I brought this goat from my uncle", basi amemleta tu kutoka kwa mjomba, na huenda mwenye mbuzi bado ni mjomba yule yule. Tofauti ni herufi r peke yake. Siku nyingi hakuna atakayejali; lakini ikiwa karatasi hiyo itasomwa mbele ya wazee kwa sababu mbuzi amekwisha zaa mara mbili, na kila upande wadai watoto, hapo ile r itapata thamani ya kundi zima. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kulitazama neno la asili. "Buy", kununua, halina r, basi "bought" halina. "Bring", kuleta, linayo, basi na "brought" linayo.

Katika ukoo huo huo wa o ndefu wamo "thought", alifikiri, "fought", alipigana, na "sought", alitafuta. "Nought" ni sifuri. "Ought" lataka uangalifu zaidi, kwa maana hufuatwa na "to" na huonyesha lipasalo kutendwa. "You ought to pay" ni kusema kwamba yafaa ulipe, ndiyo haki. Tangazo likisema "You must pay", hilo ni amri. Asiyejua tofauti hiyo aweza kuogopa ushauri, au, vibaya zaidi, kudharau amri.

Herufi r huleta taabu tena katika "though" na "through". La kwanza huanza kwa dh ya "dhahabu", nalo husomwa "dhou", maana yake "ingawa". La pili huanza kwa th ya "thelathini", nalo husomwa "thruu", maana yake "kupitia". "He paid through the clerk" ni kusema kwamba alilipa kwa mkono wa karani. Ukiiacha r, sentensi hubaki ikining'inia: alilipa ingawa karani... ingawa karani alifanya nini? Msomaji atangoja jibu asilipate. Tena kuna ndugu yao wa tatu, "thorough", lisomwalo "thara", maana yake kamili, bila kuacha kitu. Askari akifanya "a thorough search", amepekua kila pembe.

Kisha kuna maneno ambayo gh yake imegeuka kuwa f. "Cough" ni kikohozi, nalo husomwa "kof". "Trough" ni hori la kulishia mifugo, "trof". "Rough" ni kitu kinachokwaruza, "raf". "Tough" ni kigumu, "taf". Na "enough", kutosha, ni "inaf". Mengine yana sauti ya au: "bough", tawi la mti, ni "bau", na "drought", ukame, ni "draut".

Huenda mwanafunzi akauliza kama Waingereza waliyaandika hivi makusudi ili kuwatesa wageni. Sivyo. Zamani gh ilikuwa na sauti yake, karibu sana na kh ya Kiarabu, ile ambayo wazee wa pwani huitamka katika "kheri" na "khabari". Mwingereza wa kale alisema "thought" akiitoa sauti hiyo kooni. Katika mwaka 1476 William Caxton alianzisha kiwanda cha kupiga chapa huko Westminster, na vitabu vilipoenea, namna ya kuandika ilianza kuganda. Vinywa vya watu havikuganda. Sauti ya kooni ikafifia. Mahali pengine ikatoweka kabisa, mahali pengine ikawa f. Herufi zikabaki, kama nguzo za nyumba iliyokwisha bomoka. Waskoti hawakuiacha sauti hiyo, kwani mpaka leo huiita ziwa "loch" na kuitamka ch yake kama kh.

Kiswahili kilikutwa na jambo lilo hilo, ila kilichukua njia nyingine. Wengi walipoacha kutamka "khabari" na kusema "habari", waandishi waliifuata sauti, wakaifuta k. Ndiyo sababu mtoto wa Kiswahili hujifunza kusoma upesi kuliko mtoto wa London.

Hata wenyewe wamelalamika. Bernard Shaw, mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza, aliyekufa mwaka 1950, aliacha fedha katika wasia wake ili itengenezwe alfabeti mpya ya Kiingereza. Ilitengenezwa kweli, na mwaka 1962 mchezo wake mmoja ukapigwa chapa kwa alfabeti hiyo. Lakini watu waliendelea na herufi zao za zamani.

Basi mwanafunzi asijaribu kutafuta kanuni moja ya kuyafungua maneno haya yote, maana haipo. Afadhali ajifunze kila neno ndani ya sentensi fupi, aisome kwa sauti mbele ya mtu ajuaye, kisha aiandike bila kutazama. Sentensi tatu kwa jioni moja zatosha, akizidisha atayachanganya.

Limebaki neno moja, nalo ni la mkulima. "Plough" ni plau, lile jembe likokotwalo na ng'ombe au trekta, na kwa bahati njema Waswahili walilichukua kama lisikikavyo. Wamarekani nao wameiacha gh, wakaandika "plow". Kwa hiyo mkulima akiona "plough" katika orodha ya bei iliyotoka Uingereza, na "plow" katika ile iliyotoka Marekani, asidhani kwamba anauziwa vyombo viwili mbalimbali.