Somo la Afya: Juisi ya Mboga, Faida Yake na Hatari Yake



Siku hizi wenye presha wengi hushauriana kunywa juisi ya bitiruti au ya mchicha, na wengine hufikia kuacha vidonge vya hospitali. Twaona yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu, kwani wenye kupanda mikarafuu ni watu wetu, na kizunguzungu juu ya mti si mchezo.

Kwanza, nguvu ya juisi hii yatoka wapi? Mmea huvuta katika udongo chumvi iitwayo naitreti. Bitiruti, mchicha, spinachi na saladi zinayo nyingi. Mtu akila au akinywa, naitreti huingia katika damu, kisha hurudi mdomoni pamoja na mate. Vijidudu vilivyo juu ya ulimi huigeuza ikawa naitraiti, na mwilini naitraiti hugeuka hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza mishipa. Mishipa ikilegea, presha hushuka. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo mwilini. Basi mwenye kusukutua kila siku kwa dawa ya kuua vijidudu hujipunguzia faida.

Pili, je, imejaribiwa kwetu? Naam. Matokeo ya jaribio lililofanywa mkoani Kilimanjaro yalitolewa mwaka 2020. Watu 47 wa miaka 50 hadi 70, wenye presha ya juu, walifuatwa siku 60. Waliokunywa juisi ya bitiruti pamoja na vidonge vya asidi foliki, nambari yao ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa kiasi cha 11. Waliokunywa juisi yenye naitreti peke yake, kiasi cha 6. Na waliopewa juisi iliyotolewa naitreti, karibu haikusogea. Hiyo ni faida ya kweli, lakini watu 47 ni wachache, na siku 60 si umri wa mtu. Haitoshi kumfanya mgonjwa atupe vidonge vyake.

Tatu, nani ajihadhari? Anayemeza vidonge vya presha asianze kunywa juisi kila siku kabla ya kumwuliza daktari, kwani viwili hivyo vikikutana presha yaweza kushuka mno. Mwenye mawe ya figo ajue kwamba bitiruti na mchicha zina oksaleti, ambayo huzidisha mawe. Mwenye figo dhaifu aogope potasiamu iliyomo. Mkojo ukiwa mwekundu baada ya bitiruti, mara nyingi ni rangi tu. Usipokoma ulipoacha kunywa, nenda hospitali.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe kabisa. Naitraiti huizuia damu yake kuchukua pumzi, akageuka rangi ya buluu. Mwaka 1945 Daktari Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za wachanga waliopatwa hivyo kwa maziwa yaliyokorogwa na maji ya kisima.

Hapo twawakumbuka wenzetu wa Rubwera, makao ya Wilaya ya Kyerwa iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wao wana kahawa na migomba, sisi mikarafuu; lakini samadi ni ile ile, na mchicha hupatikana karibu na nyumba. Samadi na choo vikiwa karibu na kisima, naitreti huteremka majini. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita moja ya maji. Kuchemsha hakuiondoi, maji hupungua, naitreti hubaki. Dawa ni kuchimba kisima mbali, upande wa juu wa choo na zizi.

Mwisho, namna ya kutumia. Osha mboga kwa maji safi, saga, unywe papo hapo. Juisi iliyolala nje huota vijidudu, na naitreti yake hugeuka naitraiti ndani ya chombo. Kamulia ndimu, wala usitie sukari. Asiye na mashine ya kusagia asisikitike: mchicha katika sahani, chumvi kidogo, nao una naitreti ile ile.

Na mchumaji ye yote aliyeanza juisi hii apimwe presha kabla ya kupanda mti. Karafuu zaweza kungoja siku moja.