Kumtuliza Mgonjwa Maumivu Nyumbani

Zipo nyumba ambamo mgonjwa halali usiku kwa maumivu. Saratani imeingia mifupani, na dawa za kunywa hazimtulizi tena. Yatupasa kujifunza juu ya njia moja itumiwayo na madaktari kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Uti wa mgongo umefunikwa na utando, na nje ya utando huo pana nafasi nyembamba. Mwaka 1979 madaktari walitangaza ya kuwa mofini ikitiwa hapo hutuliza maumivu. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, daktari hupenyeza mrija mwembamba katika nafasi hiyo, kisha huupitisha chini ya ngozi mpaka ubavuni, usichomoke upesi. Dawa ikiwa karibu hivyo na uti, kidogo chatosha: miligramu 1 hukadiriwa kufanya kazi ya miligramu 30 hivi zinywewazo.

Lakini nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Kwa hiyo mwenye kuuguza hufundishwa kwanza hospitalini. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuushika mrija. Asitie humo dawa nyingine yo yote, wala asiongeze kipimo kwa huruma. Mgonjwa akisinzia mno au akipumua polepole mno, akishikwa na homa, penye mrija pakitoka usaha, mgongo ukianza kuuma upya, miguu ikilegea au mkojo ukizuilika, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku wa manane.

Wako wasemao kwamba mofini ni ulevi, na ya kuwa Mkristo hana budi kuvumilia tu. Baba Mtakatifu Pio wa XII aliwajibu madaktari juu ya jambo hili tarehe 24 Februari 1957. Alifundisha kwamba, ikiwa hakuna njia nyingine, ni halali kutuliza maumivu hata kwa dawa iwezayo kufupisha maisha, mradi kifo kisikusudiwe, wala mgonjwa asizuiwe kutimiza wajibu wake wa dini na wa maadili.

Si kila mgonjwa ahitajiye mrija, wala si kila hospitali iwezayo kuutia. Hata hivyo tusimwache mtu wetu alie gizani kwa kuona haya kuuliza. Tumweleze daktari waziwazi ya kuwa dawa haitoshi. Mgonjwa aliyetulizwa aweza kusali, kuzungumza na wanawe na kuwapa wosia wake kwa akili timamu.