Fasili ya Ugaidi katika Sheria na katika Mjadala wa Kila Siku: Mtazamo wa Kisemantiki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna neno ugaidi linavyofasiliwa katika sheria na linavyotumika katika mazungumzo ya watu. Hoja yetu ni kwamba nyanja hizi mbili hutofautiana katika mahali pa kuanzia: mazungumzo huanza na mtu, ilhali sheria huanza na kitendo.

2.0 Neno na Matumizi Yake

Kimofolojia, ugaidi ni nomino dhahania iliyoundwa kwa kuambika u- kwenye nomino gaidi. Awali gaidi alikuwa mnyang'anyi, jirani wa haramia. Shabaha yake ilikuwa mali. Maana ya kisiasa ilipoingia, doa la zamani halikufutika: aitwaye gaidi huwa amekwisha kuhukumiwa na jina lenyewe. Mathalani, serikali ya kikoloni nchini Kenya iliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950, na kwa Kiingereza ikawapa wapiganaji wake jina ambalo leo tungelitafsiri magaidi. Kwa wafuasi wao, walikuwa wapigania uhuru. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003.

3.0 Fasili ya Kisheria

Azimio 49/60 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa (1994) lilitaja vitendo vya jinai vinavyokusudiwa kuutia umma hofu kwa malengo ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Algiers mwaka 1999 ulibainisha kitendo na kusudi, kisha ukayatenga mapambano ya ukombozi yafuatayo kanuni za sheria ya kimataifa. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2002, Kenya mwaka 2012. Hata hivyo, mataifa hayajaafikiana kuhusu mkataba mmoja mpana, na suala hilo la ukombozi ni miongoni mwa vikwazo.

4.0 Hitimisho

Tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa mabomu, hakuna aliyehitaji fasili ili kuutambua ugaidi. Fasili huhitajika pale penye shaka. Kwa hiyo, mwanahabari, mfasiri na mtunga kamusi hawana budi kutenganisha mtuhumiwa wa ugaidi na gaidi. Katikati ya istilahi hizo mbili ndipo ilipo mahakama. Tukizichanganya, tunamhukumu mtu kabla hajasikilizwa.